Katiba, karo na pesa za wazee: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila Januari shule zikifunguliwa, foleni ya mezani petu huanza kabla jua halijapanda. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Kilifi. Si wakili, na sina joho wala wigi. Kazi yangu ni kusikiliza, kuandika barua na kumwelekeza mtu mlango wa kubisha. Wengi huja na karatasi ya shule iliyokunjwa mara nne. Wengine ni wazee wanaouliza jina lao limepotelea wapi katika orodha ya pesa za wazee. Karibu wote huanza kwa neno lile lile, "tusaidie", na karibu wote hushangaa wakisikia kwamba wanachokiomba kimeandikwa kuwa ni chao.

Majibu haya ni ya Kenya, na Katiba ninayoizungumzia ni ile iliyopitishwa kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti 2010 na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo huo.

Katiba ni mambo ya wanasiasa na kura. Inakutana wapi na karo ya mtoto wangu?

Kwanza kwenye Utangulizi, ambapo Wakenya wanasema wanataka serikali iliyojengwa juu ya haki za binadamu, usawa, uhuru, demokrasia, haki ya kijamii na utawala wa sheria. Kisha Kifungu cha 10 kinataja maadili ya kitaifa: utu, usawa, haki ya kijamii, kuwajumuisha wote, kuwalinda waliosahaulika. Hadi hapo ni maneno matamu ya mbali. Ni katika Sura ya Nne ndipo yanaposhuka hadi mlangoni kwako. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya, makao, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu. Cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Cha 54 ni cha watu wenye ulemavu, cha 55 ni cha vijana, cha 57 ni cha wazee.

Ukiwa na nafasi ya kusoma mstari mmoja tu, soma Kifungu cha 19(3)(a). Kinasema haki hizi ni za kila mtu na hazitolewi na Serikali. Mimi huyarudia maneno hayo kila siku ya kazi. Mheshimiwa akisimama jukwaani akasema "nimewaletea elimu", amewaletea kitu ambacho tayari ni chenu.

Hayo maadili ya Kifungu cha 10 si mapambo tu?

Yangekuwa mapambo kama Kifungu chenyewe kisingesema kwamba yanamfunga kila afisa wa umma na kila chombo cha dola, wakati wa kutunga sheria, kuitafsiri, au kuamua sera. Moja ya maadili hayo ni ushirikishwaji wa wananchi, na ndilo lililowaumiza wakubwa kuliko yote. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria mpya za bima ya afya kuwa kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uamuzi huo miezi miwili baadaye na bima ikaanza. Hata hivyo serikali nzima ilikaa roho juu kwa sababu ya neno moja lililo kwenye orodha ya maadili. Pambo halifanyi hivyo.

Lakini elimu ya bure ilikuwako kabla ya 2010. Katiba imeongeza nini?

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, basi nivumilie nikiwa mrefu.

Kenya ilipopata uhuru ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Katiba ya wakati ule, hata hivyo, haikumpa mtoto haki yoyote ya kusoma. Elimu ya bure ilikuja kwa tamko. Desemba 1973 Mzee Jomo Kenyatta alitangaza kuondoa karo katika madarasa manne ya kwanza kuanzia 1974. Watoto wakamiminika shuleni, na shule, zilizokuwa hazina madarasa ya kuwatosha, zikabuni "pesa za jengo". Wazazi wakajikuta wanalipa tena, kwa jina jingine. Baadaye Rais Moi akaondoa karo iliyobaki ya shule za msingi na kuleta maziwa ya Nyayo. Mimi ni mmoja wa walioyanywa. Pakiti ilikuwa na pembe, unaing'ata ncha na kufyonza, na tukaimba nyimbo za kumshukuru aliyetupa. Kisha ikaja sera ya kugawana gharama, karo zikarudi kwa mlango wa nyuma, na maziwa yenyewe yakakatika. Hakuna mzazi aliyeweza kwenda mahakamani kudai maziwa. Ungedai vipi zawadi?

Mwaka 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni 1 wakaongezeka madarasani. Mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu kama wenzake. Hata hiyo ya 2003, pamoja na ukubwa wake, ilikuwa ahadi ya kampeni. Rais mwingine angeweza kuifuta kwa tamko lingine.

Tangu Agosti 2010 hawezi, isipokuwa abadilishe Katiba kwanza. Hilo ndilo lililoongezwa: hisani imegeuka deni. Deni laweza kucheleweshwa, na linacheleweshwa kweli, ila mdai ana hati mkononi.

Kama ni bure, mbona shule imenipa orodha ya malipo?

Mama mmoja aliniletea karatasi ya shule ya msingi ya umma. Ilikuwa na mistari tisa: deski, mitihani, tuisheni, lanchi, "motisha", mlinzi, rimu ya karatasi, fagio mbili, na mstari wa mwisho ulioitwa "mengineyo", ambao ndio uliokuwa na pesa nyingi kuliko yote. Mtoto alikuwa nyumbani siku ya nane.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 29, inasema shule ya umma haitatoza karo ya mafunzo. Malipo mengine yanaweza kuwepo, lakini kwa idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na kila senti ikatiwe risiti. Juu ya hayo yote, mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu malipo hayo hayajalipwa. Sehemu ya 37 nayo inakataza tuisheni za likizo.

Tuliandika barua fupi na ya adabu, tukimwomba mwalimu mkuu nakala ya idhini ya malipo hayo. Nakala haikuja. Kilichokuja ni mtoto kuitwa shuleni Jumatatu iliyofuata, na karatasi mpya isiyo na "motisha" wala "mengineyo". Lanchi ilibaki, na mama akakubali kuilipa. Alisema mtoto hawezi kusoma na njaa, na hapo sikuwa na la kumpinga.

Nisiwe mwonevu kwa walimu wakuu. Mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa miaka mingi umekuwa shilingi 1,420 kwa mwaka. Ugawanye kwa mihula mitatu upate kama 473. Humo mna chaki, maji, umeme na ukarabati, na pesa hizo zikifika nusu muhula umeshapita. Mwalimu mkuu anayebuni mstari wa "mlinzi" mara nyingi ana mlinzi wa kweli anayemdai mshahara. Kosa lake ni kuuhamishia mzigo huo kichwani kwa mtoto, ambaye hadaiwi na mtu.

Na shule za sekondari?

Sekondari za kutwa ziliondolewa karo ya mafunzo mwaka 2008, na mgao uliowekwa ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya bweni mzazi hulipia malazi na chakula. Hilo halijawahi kuwa bure, na nawaambia wazazi mapema ili wasije wakakopa kwa matumaini. Kama uwezo ni mdogo, shule ya kutwa iliyo karibu si aibu.

Mwanangu amemaliza kidato cha nne lakini shule imekatalia cheti kwa sababu ya deni la karo.

Cheti si cha shule. Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inasema kisizuiliwe na mtu wala taasisi yoyote. Deni lidaiwe kwa njia nyingine, cheti kitolewe. Nimeona kijana akipoteza nafasi ya kazi kwa karatasi iliyofungiwa kabatini miaka minne. Andika barua, taja sheria hiyo, peleka nakala kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mara nyingi barua moja hutosha.

Na nikiamua kumbakisha mtoto nyumbani achunge mbuzi?

Lile neno "lazima" linakuhusu wewe. Mzazi asiyempeleka mtoto shuleni bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000 au kifungo hadi mwaka mmoja. Machifu hulijua jambo hili vizuri kuliko vifungu vingine vyote, sijui kwa nini.

Serikali ikisema haina pesa, si ndiyo mwisho wa maneno?

Hapana, na Katiba iliona mbali kuhusu hili. Kifungu cha 21(2) kinakubali kwamba haki za Kifungu cha 43 zitatimizwa hatua kwa hatua. Maafisa wengi wamelikariri neno hilo na kuachia hapo hapo. Wageuze ukurasa mmoja tu nyuma. Kifungu cha 20(5) kinasema Serikali ikidai haina rasilimali, ni juu yake kuthibitisha kwamba kweli haina. Mdaiwa akisema hana kitu, yeye ndiye aletaye daftari. Pia, katika kugawa kilichopo, ni lazima itangulize yale yatakayowafikia watu wengi zaidi, hasa wanyonge.

Kuna mpaka upande wa pili pia, nao ni wa haki. Mahakama hairuhusiwi kuvuruga bajeti kwa sababu tu jaji angegawa pesa kwa namna nyingine. Hakimu si Waziri wa Fedha.

Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina haimudu tena shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari, na kwamba kinachowezekana ni kama 16,900. Watu walimkasirikia. Mimi nilifikiri angalau amesema hadharani kile ambacho walimu wakuu walikuwa wakikinong'ona, na sasa kuna jambo la kumuuliza: tuonyeshe hesabu, na tuonyeshe ni kipi kilichotangulizwa mbele ya mtoto.

Halafu kuna jambo ambalo hata mawakili hulipita haraka. "Hatua kwa hatua" imeandikwa kwa haki za Kifungu cha 43. Elimu ya msingi ya mtoto iko Kifungu cha 53, na huko hakuna hatua kwa hatua. Mtoto wa miaka saba hawezi kuambiwa asubiri hadi uchumi ukue, maana mwakani atakuwa na minane.

Mahakama inaweza kufanya nini hasa, zaidi ya kutoa hukumu na kwenda zake?

Inaweza kuendelea kuangalia. Mwaka 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi waliobomolewa nyumba zao karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba jaji anaweza kutoa amri zenye ratiba, akaitaka serikali irudi na ripoti ya kilichofanyika. Kesi yenyewe ilikuwa ya makao, lakini mlango huo huo ni wa elimu na wa afya.

Chuo kikuu nacho ni haki?

Elimu ni haki ya kila mtu chini ya Kifungu cha 43, kwa hiyo chuo kimo, ila kimo katika lile kundi la hatua kwa hatua. Kisichoruhusiwa ni ubaguzi njiani. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 uliwapanga wanafunzi katika makundi matano kulingana na hali ya nyumbani. Vijana wa kwetu walituletea malalamiko tele: mtoto wa mvuvi kuwekwa kundi la wenye nacho kwa sababu, tulivyobahatisha, mjomba alimlipia shule nzuri. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa wa kibaguzi na kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Ukipangwa vibaya, kata rufaa ndani ya mfumo wenyewe kwanza. Usikae ukingoja majaji.

Shule inaweza kumkatalia mtoto kwa sababu ya dini, nywele au ulemavu?

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema msichana wa Kirasta hawezi kuondolewa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Kuhusu hijabu, kesi iliyotoka Isiolo ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 iliutengua ushindi wa upande wa wanafunzi kwa hoja za utaratibu, bila kulimaliza swali lenyewe. Ndiyo maana kila shule bado huvuta kamba upande wake. Kuhusu ulemavu, Kifungu cha 54 kinataka shule zinazomchanganya mtoto na wenzake kadiri inavyolingana na maslahi yake. Choo kisichopitika na kiti cha magurudumu ni mlango uliofungwa, hata kama geti la shule li wazi.

Pesa za wazee ni haki au ni msaada wa rais?

Kifungu cha 43(3) kinasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu na kuwakimu wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinasema wazee waishi kwa heshima na wapate matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na Serikali. Angalia kwamba familia imetajwa. Katiba haikumwondolea mtoto wajibu wa kumtunza mzaziwe. Chini ya vifungu hivyo ikaja Sheria ya Usaidizi wa Kijamii ya 2013, na mpango wenyewe unaitwa Inua Jamii: mayatima na watoto walio hatarini, watu wenye ulemavu mkubwa, na wazee. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70, awe maskini ama la, ilmuradi hana pensheni. Kiasi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Hazitoshi, na sitajifanya zinatosha, lakini nimeona zinavyonunua unga na dawa za presha.

Mwaka 2019 alikuja nyanya mmoja aliyefukuzwa mara tatu kwa wakala wa malipo. Jina lake lilikuwamo, kitambulisho alikuwa nacho. Shida ilikuwa vidole. Mashine ilitaka alama, na vidole vyake vilikuwa laini kama kioo kwa miaka hamsini ya kusuka makuti. Kila alipovibonyeza, taa ikawaka nyekundu, na wale wa nyuma kwenye foleni wakaguna. Wakala alimwambia apake mafuta ya nazi, arudi kesho. Alipaka. Taa ikawa nyekundu vile vile.

Mpango unaruhusu mzee kuwa na mlezi aliyesajiliwa wa kumpokelea. Hakuna aliyemwambia. Tulienda naye kwa afisa wa ustawi wa jamii, mjukuu wake wa kike akaandikishwa, na malipo yaliyofuata yakatoka ya miezi minne pamoja, shilingi 8,000. Akazihesabu, akazifunga pembeni mwa leso, akaniuliza, "Sasa nimshukuru nani?" Nikamwambia, "Hakuna wa kushukuriwa, nyanya, ni zako." Akacheka sana. "Basi namshukuru Mungu," akasema, "maana wewe hutaki."

Mbona jirani yangu hapati, naye ana miaka 74?

Kwa sababu usajili hufunguliwa kwa vipindi, kisha hufungwa. Waliofikisha umri kati ya kipindi na kipindi hubaki nje. Hapa ndipo haki iliyoandikwa na bajeti iliyopitishwa zinapopishana waziwazi, na mimi sioni hoja inayohalalisha jambo hilo. Amwone chifu au naibu wake, aandikishwe katika orodha ya wanaongoja, na adai kuona jina lake limeandikwa.

Hospitali inaweza kumkataa mgonjwa asiye na pesa, au kumzuia asitoke?

Mgonjwa wa dharura hakataliwi. Kifungu cha 43(2) ni cha mstari mmoja na hakina "isipokuwa". Mwaka 2015 mwanamume aliyegongwa na gari alizungushwa hospitali hadi hospitali akakaa ndani ya ambulensi saa 18, akafariki. Nchi nzima ilisikitika. Sheria ya Afya ya 2017 baadaye iliweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayokataa dharura ilhali ina uwezo.

Na kuzuiwa wodini kwa sababu ya bili ni haramu pia. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua hivyo katika kesi ya akina mama waliofungiwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani baada ya kujifungua. Bado hutokea. Likikukuta, omba jina la aliyeamuru uzuiwe na uliandike mbele yake. Kalamu husaidia kuliko kelele.

Kuhusu bima ya afya ya taifa, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hulipa kulingana na hali yake ya maisha, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Muuza viazi karai analipaje 3,600 kwa mpigo? Hilo ni swali wanaloniuliza mimi, nami naliuliza mbele.

Nilalamike kwa gavana au Nairobi?

Angalia Jedwali la Nne la Katiba. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi ya kaunti, pamoja na zahanati na hospitali za kaunti. Shule za msingi, sekondari na vyuo vikuu ni za serikali kuu. Mwalimu wa chekechea asipolipwa, mlaumu gavana. Darasa la sekondari msingi likikosa mwalimu, gavana hana hatia.

Mkanganyiko mkubwa ni basari, yaani pesa za msaada wa karo. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizizuia kaunti kulipia wanafunzi wa sekondari na vyuo bila makubaliano rasmi na serikali kuu, kwa kuwa si kazi ya kaunti. Kisheria alikuwa na hoja. Kwa mzazi aliyekuwa akingoja hundi ya kaunti, ilikuwa Januari mbaya. Ile CDF ya wabunge, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge, nayo Mahakama Kuu iliitangaza kinyume cha Katiba Septemba 2024, ikaipa muda hadi 30 Juni 2026. Maoni yangu, na si ya ofisi: basari nyingi ni ile hisani ya zamani iliyovaa kanzu mpya. Anayegawa hupigiwa makofi. Pesa hizo zingeingia kwenye mgao wa kila mwanafunzi, kusingekuwa na foleni kwa mheshimiwa.

Kwa nini sisi wa Pwani na Kaskazini tuko nyuma, na Katiba inasemaje?

Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965 ulielekeza maendeleo yapelekwe penye ardhi nzuri, mvua na barabara, ili yalete faida haraka. Maeneo makavu yakaambiwa yangoje. Katiba ilijibu kwa Kifungu cha 56, kinachotaka nafasi maalumu za elimu kwa jamii zilizotengwa, na kwa Kifungu cha 204, Hazina ya Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme, kwa miaka 20. Katika orodha ya kwanza ya kaunti 14 zilizotambuliwa kuwa nyuma, Pwani nzima ilikuwamo isipokuwa Mombasa. Pesa zenyewe zimetoka kwa kudondoka. Miaka 20 inaisha 2030, na saa hiyo haisimami.

Ndugu zetu Tanzania wana haki hizi hizi?

Maneno yanafanana, nguvu haifanani. Ibara ya 11 ya Katiba ya 1977 inazungumzia haki ya kujipatia elimu, na msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu na mahakama yoyote. Ni dira kwa serikali, si hati ya mdai. Pamoja na hayo, Tanzania iliondoa ada za shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne kuanzia 2016, ikafika hadi kidato cha sita mwaka 2022. Huwa nawakumbusha wenzangu hili tukianza kujivunia vifungu vyetu.

Sina wakili. Naanzia wapi?

Anza na daftari: tarehe, jina, alichosema. Andika barua kwa aliyekukosea na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ukitaka hati ya ofisi ya umma, kama ile idhini ya malipo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, Tume ya Haki ya Utawala, wengi huiita Ombudsman, hupokea malalamiko bila malipo. Yakishindikana yote, Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda Mahakama Kuu, kwa ajili yako au kwa niaba ya mwingine, bila ada ya kufungua shauri, na hata kwa barua ya mkono ikibidi. Kwa wa Kilifi, Mahakama Kuu iko Malindi.

Ukija kwetu, njoo na karatasi zote, hata zilizochanika, na risiti za simu usizifute. Kama unamleta mzee, mlete asubuhi. Kuna benchi chini ya mwembe, lakini kivuli chake huhama ifikapo saa nne.